UZI: Kazuya Mishima hana huruma, na msimsingizie shetani aliye damuni mwake

Langoni_PS (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wadau. Juzi baada ya Isha tulikaa barazani hapa Langoni, Lamu, tukabishana mpaka dele la kahawa likakauka. Ubishi ulikuwa huu: Kazuya wa Tekken ni mkatili kwa sababu ana shetani mwilini, au ni mkatili yeye kama yeye? Karibu wote walisema shetani. Mimi nilisema hapana. Barazani humalizi sentensi mbili bila kukatizwa, kwa hiyo nimekuja kuyamwaga yote hapa.

Kwa wasiomjua. Tekken ilitoka 1994 kwenye mashine za sarafu za Namco, na 1995 ikaingia PlayStation. Ukiondoa dubu, roboti na kangaruu, kiini chake ni ugomvi wa ukoo mmoja wa Kijapani, akina Mishima, wenye kampuni kubwa mpaka ina jeshi lake. Baba mtu, Heihachi, alimchukua mwanawe wa miaka 5 akamtupa gengeni. Mtoto hakufa. Alirudi na kovu kifuani na kinyongo kisichozeeka. Alipokuwa mtu mzima akaingia kwenye mashindano ya baba yake, akamshinda, akambeba mikononi hadi kwenye genge lilelile, akamwachia. Kisha akageuka na kutabasamu.

Tabasamu hilo ndilo hoja yangu ya kwanza. Wengi wa rika langu hatukuicheza Tekken ya kwanza ilipotoka. Tuliiona baadaye, enzi za PS2. Nakumbuka chumba kizima cha PS kilinyamaza. Hapakuwa na mabawa, wala pembe, wala macho ya kuwaka. Alikuwa mwanamume tu, amemtupa babake, anafurahi.

Tazameni na alichofanya alipoirithi kampuni. Katika Tekken 2 yeye ndiye mkubwa. Anatuma wauaji wa kukodi. Anafanyia majaribio wanyama, mpaka Jun Kazama, mlinzi wa wanyama, anatumwa kuja kumkamata kwa ajili hiyo. Hayo si mambo ya pepo. Hayo ni mambo ya mtu anayekaa ofisini akatia sahihi. Heihachi akarudi, akampiga, akamtia katika mdomo wa volkano. Tungeyaona mwisho, lakini Tekken 4 (2001) ikatuambia kuwa kampuni hasimu, G Corporation, iliokota mabaki yake ikamfufua. Hapa ndipo watu wengi hupitiwa: baada ya kufufuka, Kazuya ndiye anayemtawala yule shetani. Amemfanya mtumishi. Akitaka mabawa, anayaita. Akimaliza, anayafunga. Sasa mtu aliyempanda pepo kama punda na kumshika hatamu, utasemaje kwamba pepo ndiye anayempeleka?

Hoja ya pili iko vidoleni, na hii naipenda kuliko ya kwanza, kwa sababu hadithi yaweza kuandikwa na yeyote, lakini ukatili wa Kazuya wameutia ndani ya padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea.

Ngumi yake kubwa Wajapani huiita Fujinken, ngumi ya mungu wa upepo. Unasukuma mbele, unaachia, chini, kisha chini-mbele pamoja na kitufe cha pembetatu. Ukifanya hivyo kwa kukadiria unapata ngumi ya kawaida, na mwenzako akiikinga, zamu ni yake, anaweza hata kukuadhibu. Lakini mchezo huu unakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Ukibonyeza pembetatu katika fremu ileile ambayo kidole kimegusa chini-mbele, ngumi inatoka na radi ya buluu. Sisi tuliiita "umeme". Umeme ukimpata mtu anaruka juu kama samaki kwenye sitaha, na kombo, yaani mapigo ya mfululizo, inaanza. Akiukinga, bado wewe ndiye mwenye zamu. Ngumi ni ileile, mkono ni uleule, tofauti ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 60.

Halafu lipo fagio. Kutoka katika mwendo uleule wa kuchutama na kusonga mbele, anazunguka na kukata miguu. Anayekukabili anaona Kazuya anainama, na hapo lazima achague: asimame akinge juu, au achutame akinge chini. Akikosea hulipa. Lakini fagio likikingwa, Kazuya yuko wazi kabisa, na mwenzako anakurusha atakavyo. Hana ngumi za bure. Wapo wapiganaji humu ndani wenye mateke kumi ya salama ambayo unaweza kuyamwaga huku unaongea na mtu. Kazuya kila alichonacho kikubwa kina bei, na yeye yuko tayari kulipa ili wewe uumie. Hiyo ndiyo tabia yake haswa. Waliomtengeneza hawakuiandika kwenye karatasi tu.

Nimeishi na wazo hili kwa sababu ya binamu yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha, kama ni kufundisha. Chumba kilikuwa cha mtu mmoja kule nyuma ya soko, televisheni moja ya mgongo, mbao mbili za kukalia, na sheria moja: anayeshindwa anaachia padi. Binamu alikuwa hanipi raundi hata moja. Mimi mdogo, nimesubiri zamu saa nzima, nakaa, dakika moja nimeshatoka. Sikuambiwa "pole". Alikuwa akisema "chini ulikuwa hukingi," basi, anamgeukia anayefuata. Nilimchukia siku zile. Nilikuwa natembea kutoka madrasa nikifanya kile kitendo kwa kidole gumba juu ya kibweta cha vitabu: mbele, acha, chini, chini-mbele. Ilinichukua karibu likizo nzima kupata umeme mara tatu mfululizo.

Nyinyi mnaojua kirumbizi mtanielewa. Kirumbizi ni kupigana kwa fimbo, wawili katikati ya duara, zumari na ngoma zinalia, kila mmoja anatafuta upenyo wa mwenzake. Lakini ni mchezo wa arusi, ni mchezo wa Maulidi. Mtu anashindwa mbele ya wajomba zake, anatoka anacheka, anaingia mwingine. Fimbo ina adabu. Kazuya ni mpiganaji aliyejua fimbo bila kufundishwa adabu yake, na aliyemnyima adabu hiyo ni babake. Ndiyo maana nasema: ukatili wake una mtu aliyeupanda, na mtu huyo hana mabawa.

Karibuni mnipinge.

Heihachi_wa_Malindi

Uzi mzuri, lakini umempa mtoto sifa za baba. Niko Malindi, nimecheza Heihachi tangu PS2, na nasema mkatili wa ukoo ule ni mzee, si mwingine.

Hesabu. Baba yake mzazi, Jinpachi, alimfungia chini ya hekalu la Honmaru mpaka akafia huko, na ndipo tunampata akiwa jitu la kutisha mwisho wa Tekken 5. Mwanawe kamtupa gengeni, kisha kwenye volkano. Mjukuu wake Jin, baada ya kumlea na kumfundisha mwenyewe, alimpiga risasi mwishoni mwa Tekken 3. Vizazi vitatu! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa Heihachi.

Na mkewe je? Tekken 7 ilieleza yote. Kazumi ndiye aliyekuwa na damu ya shetani. Alijaribu kumuua Heihachi, Heihachi akamuua yeye. Mtoto akamjia babake kwa hasira, na Heihachi akamtupa ili ajue: akiishi, basi amerithi. Hicho ndicho kipimo chake. Akifa alikuwa mtu, akipona ni shetani. Niambie Kazuya amewahi kufanya lolote la kulinganishwa na hilo.

Langoni_PS

Heihachi_wa_Malindi, kaka, la Jinpachi nakubali, limenikaa. Lakini tazama tofauti. Heihachi akifanya unyama huwa anataka kitu: kampuni, siri, damu ile aifanyie utafiti. Anacheka, anajivuna, ana viatu vya mbao vya jadi na masharubu. Unamchukia lakini ni mtu. Mwanzoni mwa Tekken 5 wamevamiwa na maroboti Honmaru, baba na mwana wanapigana bega kwa bega, kwa mara ya kwanza katika maisha yao wanasaidiana. Ghafla Kazuya anamsukumia mzee kwenye maroboti na kuruka zake. Si kwamba alikuwa akishindwa. Aliona nafasi tu.

Na mwisho wa Tekken 7, wakiwa juu ya volkano, baada ya kumuua anaurudia msemo wa nyumbani kwao kwamba pigano ni nani aliyebaki amesimama, hakuna lingine. Msemo wenyewe ni wa baba. Mtoto ameuhifadhi vizuri kuliko aliyemfundisha.

nabofya_tu

Mimi nacheza Eddy Gordo, yule wa mateke, hayo ya fremu siyajui. Lakini nimesoma mpaka chini. Endeleeni.

Shela_ya_Malindi

Nitawatoa kidogo nje ya ukoo wa Mishima, kwa sababu mkisema "asiye na huruma" bila kumtaja Akuma mnamdhulumu.

Akuma si wa Tekken, alianza 1994 katika mchezo mwingine wa mapigano, Super Street Fighter II Turbo, na aliingia kwa namna ambayo haijawahi kusahaulika. Unafika kwa bosi wa mwisho, M. Bison, unajiandaa, mara mtu mwenye nywele nyekundu anapita kama kivuli, skrini inapiga giza, Bison yuko chini. Aliyekuwa adui yako mkubwa ameuawa kwa sekunde chache ili ujue sasa uko na nani. Alimuua hata mwalimu wake mwenyewe. Na jina lenyewe, akuma, kwa Kijapani ni shetani, ingawa Wajapani wao humwita Gouki.

Kisha ndiye aliyeletwa ndani ya Tekken 7. Kazumi alikuwa amewahi kuyaokoa maisha yake, naye akaahidi kulipa: yeye akifa, Akuma amuue Heihachi, na amuue Kazuya. Alikuja kutimiza.

BintiMkomani

Shela_ya_Malindi, ndugu yangu, umenisaidia bila kujua. Akuma ana miiko! Gen, mpiganaji mwingine wa Street Fighter, alikuwa mzee mgonjwa, Akuma alipogundua ugonjwa ule katikati ya pigano aliacha akaondoka, kwa sababu hataki ushindi dhidi ya mtu aliyepungukiwa. Na unavyosema mwenyewe, alikuja Tekken kwa ajili ya ahadi. Mtu anayelipa fadhila ya marehemu si mtu asiye na huruma, ni mtu mwenye huruma kali mno ambayo haipokei udhaifu. Kazuya angemmaliza Gen na kumfuata tabibu wake.

Mimi nacheza Nina, yule mpiganaji wa kike, na huku Mkomani ndugu zangu wawili wote ni Kazuya, kwa hiyo nimekula umeme wa kutosha. Mwenye uzi ameeleza vizuri upande wa mpigaji, wacha nieleze upande wa mpigwaji maana ndio wengi wetu.

Kwanza, umeme ni pigo la juu. Ukichutama unapita kichwani na una haki ya kumpasua. Watu huuogopa mwanga wake wanasahau kwamba unaweza kuinamiwa. Pili, anapenda kuja kwa mstari ulionyooka. Usikae mbele yake kama mlingoti, kwepa pembeni mapema, kabla hajaanza kuinama, si baada. Tatu, fagio. Ukilikinga mara moja tu na kumwadhibu vilivyo, Kazuya yeyote anabadilika. Anaanza kufikiri. Kazuya anayefikiri ni nusu ya Kazuya. Kosa la wengi ni kukinga fagio halafu kumpiga kijiteke kidogo kwa furaha ya kulikinga. Hapana. Hapo unatakiwa umrushe, umpeleke mpaka ukutani.

Na usibonyeze kitu akikinga pigo lako baya. Tulia. Mimi hilo lilinichukua mwaka.

Langoni_PS

Dada, "Kazuya anayefikiri ni nusu ya Kazuya", hilo nalichukua. Ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu juzi.

Mzazi_Gardeni

Assalaam alaykum. Mimi si mchezaji, ni mzazi wa vijana wawili, na nimeingia humu kwa sababu kijana wangu alinionyesha. Naandika kwa heshima. Mnazungumza shetani, damu ya shetani, mtoto kumuua baba. Sisi hapa tunawafundisha watoto kwamba radhi iko kwa wazazi. Mtoto wa miaka 9 akimwona mtu anamtupa babake gengeni na anatabasamu, na watu wanashangilia, moyoni mwake kinabaki nini? Nauliza kwa kutaka kujua, si kwa kugombana.

Langoni_PS

Waalaykum salaam ami. Ahsante kwa kuuliza badala ya kuzima televisheni, maana wengine ndivyo tulivyofanyiwa.

Kwanza nakubali: mtoto wa miaka 9 si wa Tekken. Mchezo wenyewe umewekewa alama kwamba ni wa vijana, si wa watoto. Pili, nitakusimulia nilivyoiona mimi nikiwa kama na miaka 12. Nilimwonea huruma yule mtoto aliyetupwa kuliko nilivyofurahia kisasi chake. Nilirudi nyumbani nikamtazama baba yangu amelala mchana, kofia usoni, nikashukuru. Hadithi ya akina Mishima haimsifu mtu. Kila aliyetupa ametupwa. Katika Tekken 8, Jin mwana wa Kazuya ndiye anayekataa damu ile, anaitoa mwilini, na anamshinda babake bila kumuua. Imechukua michezo minane na miaka 30, tangu 1994 hadi 2024, ukoo ule kupata mtu mmoja wa kushusha mkono.

Lakini ami, ukiona kijana wako anacheza, kaa naye raundi mbili. Muulize kwa nini yule mzee alimtupa mwanawe. Utashangaa majibu yake.

Mzazi_Gardeni

Nimekuelewa. Nitakaa naye Ijumaa. Akinishinda usicheke.

Mato_Mawili

Mimi ni mtu wa Matondoni, naandika kwa Kiamu changu mnistahi. Hayo ya kisasi nimeyaona, lakini hamkusema neno la Lee. Heihachi alitwaa mtoto asiye wake, Lee Chaolan, akamlea makusudi awe mshindani wa Kazuya, ili mwanawe asione ndia nyingine ila kupigana. Yaani hata ndugu alipewa kama jiwe la kunolea kisu. Mwenye uzi asema ukatili una mtu aliyeupanda. Naam, na aliumwagilia mai kila siku. Mimi nacheza Lee, na kila nikimpiga Kazuya wa mtu moyo wangu wapoa.

Heihachi_wa_Malindi

Mato_Mawili, hilo la Lee linanisaidia mimi, si yeye! Mzee anarudi kuwa mkubwa wa ukatili.

Na nyongeza: watu walimzika Heihachi kwenye volkano, lakini Oktoba 2024 alirudi Tekken 8. Hata mauti yamemshindwa.

Pwani_mtandaoni

Swali la kiufundi. Nikicheza na mtu wa Nairobi umeme unatoka. Nikicheza na mtu wa Ulaya hautoki hata kwa dawa. Ni mkono au ni mtandao?

BintiMkomani

Mara nyingi mkono, kwa kuwa akili inashtuka. Ukiona mwenzako anarukaruka kwenye skrini unaanza kuharakisha, na umeme haupendi haraka. Nenda kwenye mazoezi, upande wa kushoto mia, upande wa kulia mia. Wengi tunaujua upande mmoja tu.

Na usikate tamaa kwa umbali. Arslan Ash, bingwa wa Tekken, alitoka Lahore, Pakistani, mji ambao wachezaji wakubwa wa Japani na Korea hawakuwa wakiufikiria kabisa, akachukua EVO Japan 2019 (EVO ni mashindano makubwa ya michezo ya mapigano), kisha EVO ya Las Vegas mwaka uleule. Alipoulizwa alisema nyumbani wako wengine wakali. Vyumba vya PS vya Lahore havina tofauti kubwa na vyetu, mbao za kukalia na kelele.

Bahari_Maskati

Nimetumiwa uzi huu na mtu wa hapo nyumbani. Mimi ndiye binamu.

Kwanza, ile mbao ilikuwa moja. Ya pili ilikuwa kreti la soda. Pili, hukuwa unashindwa kwa sababu ya udogo. Ulikuwa unapiga fagio kila raundi, raundi ya kwanza mpaka ya mwisho, nami nilikuwa nimeshachutama nakungoja. Ningekuachia raundi ungeendelea hivyo mpaka leo. Mzee wa chumba alinikanya mara mbili, akaniambia mwachie mtoto. Sikuweza. Naona sasa kwamba "pole" ningeiweza, haikuwa na gharama.

Padi ile ya kijivu iko wapi?

Langoni_PS

Ninayo. Imo ndani ya kasha la nyanya, kwenye kitambaa. Pembetatu imefutika, hakuna mtu anayejua tena pale palikuwa na alama gani.

Kaka, fagio nimeacha. Karibu.

Bahari_Maskati

Alhamisi. Saa nne usiku huko kwenu, saa tano huku. Wewe Kazuya. Mimi nitamchukua mzee.